Miaka mitatu ya kungojea saini moja
Mazungumzo yetu mbele ya vijana wa Kaniama

Wengine mumetoka mbali na kinga, wengine mumeacha shamba ao ka biashara kadogo ku soko, na tunajua kama mu Kaniama mtu hana saa ya kuchezea. Kwa hiyo tuingie moja kwa moja.

Leo tutasema juu ya juji mmoja wa Kenya. Jina lake George Odunga. Kule wanasema jaji, sisi tunasema juji, ni kazi moja. Tunaona wengine wanacheka: tuko hapa Haut-Lomami, barabara mbovu, treni ya SNCC inakuja wakati inataka, na bale ba mouvement wanatuletea juji wa Nairobi! Mvumilie kidogo. Tumemchagua ju habari yake iko na tarehe, iko na majina, na karibu yote ilifanyika mbele ya macho ya raia. Hapa kwetu kuteua majuji ni jambo la usiku. Habari inapita ku RTNC, mtu wa Présidence anasoma ordonansi, majina yanafuatana na yanafuatana, watoto wanalala, baba anazima televisheni. Kesho yake hakuna mtu anauliza kitu. Lakini mu ile liste iliyosomwa usiku kuko mtu ambaye siku moja atashika maisha yako mkononi, ao ya ndugu yako.

Basi Odunga. Alikuwa avoka, akaingia mu kazi ya ujuji mwaka 2011. Ule mwaka ni wa maana. Wakenya walikuwa wamepata katiba mpya mwaka 2010, na ile katiba ilibadilisha namna ya kupata majuji. Kuko tume moja inaitwa Tume ya Huduma za Mahakama, kwa kifupi JSC. Nafasi ya kazi inatangazwa. Mwenye kutaka anaandika ombi. Majina yanatolewa ili raia mwenye kujua jambo baya juu ya mtu alipeleke. Kisha mtu anaitwa na kuulizwa maswali: umeamua kesi gani, mali yako umeipata wapi, kwa nini ulichelewesha kesi ya fulani. Tume ikimaliza, inapeleka majina kwa Rais. Kifungu cha 166 cha katiba yao kinasema Rais anateua majuji kufuatana na mapendekezo ya ile tume.

"Kufuatana na." Mushike hayo maneno mawili, ju mapigano yote yalitoka pale. Je, Rais anaweza kuangalia liste na kusema huyu ndiyo, huyu hapana? Ao kazi yake ni kutia saini tu na kuwaapisha?

Kabla ya kufika pale, tuone kwanza huyu juji alifanya nini, ju mtu hanyimwi cheo bure. Odunga aliwekwa Nairobi, fasi ambapo raia anashitaki Leta: waziri amevunja sheria, polisi amekataa kufanya kazi yake, ofisi fulani imetoa barua isiyo halali. Mu nchi zetu hiyo ni kiti cha moto. Mwezi wa saba 2017, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, yeye na majuji wenzake wawili, Joel Ngugi na John Mativo, walivunja kandarasi ya kuchapisha karatasi za kura ya urais, iliyopewa kampuni Al Ghurair ya Dubai. Rais Uhuru Kenyatta alilalamika hadharani. Jaji Mkuu David Maraga alimjibu siku zile zile, akalinda majuji wake. Baadaye mahakama ya juu yao ikabadilisha ule uamuzi, na hiyo haiko ajabu: rufaa iko kwa kazi hiyo.

Mwezi wa kumi mwaka huo huo, siku moja kabla ya uchaguzi wa kurudilia, Odunga alisema wasimamizi wa kura mu sehemu za uchaguzi waliwekwa bila kufuata sheria. Hakufuta uchaguzi. Hata vile, magharibi ile ile Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi wake. Tunasema hivi ili mtu asifikiri tunamchora kama malaika anayeshinda kila siku. Alibadilishiwa maamuzi mara na mara. Juji mwenye kubadilishiwa uamuzi ku rufaa hajapata haya. Njo vile kazi inatembea.

Mu mwezi wa tatu 2018 kukawa kesi ya Miguna Miguna, mpinzani ambaye Leta ilimfukuza mu nchi yake mwenyewe. Tribinali iliagiza aachiliwe ku uwanja wa ndege wa Nairobi. Wakubwa hawakusikia, wakamtia mu ndege usiku, wakamtupa Dubai. Odunga akamkuta waziri wa mambo ya ndani Fred Matiang'i, mkubwa wa polisi Joseph Boinnet, na mkubwa wa uhamiaji Gordon Kihalangwa na kosa la kudharau tribinali. Kila mmoja alitozwa shilingi 200,000. Waziri wa mambo ya ndani, mwenye polisi wote chini yake, anatozwa faini kama mwenye moto aliyekosa karatasi! Mjiulize wenyewe kama mumekwisha kuona jambo hilo hapa.

Sasa mnaelewa ni mtu gani aliomba kupanda kwenda Mahakama ya Rufaa, ile sisi tunaita cour d'appel. Mwezi wa saba 2019 tume ilimaliza kuuliza watu maswali na kupeleka kwa Rais majina 41: mengine kwa Mahakama ya Rufaa, mengine kwa tribinali ya mambo ya udongo, mengine kwa ile ya wafanyakazi. Odunga alikuwa ndani, kwa Rufaa.

Rais hakutia saini. Alisema wenzake wa upelelezi wamempa habari mbaya juu ya wamoja wao. Habari gani? Hazikutolewa. Miezi ikapita. Mwezi wa pili 2020 majuji watatu wa High Court wakasema wazi: Rais hana ruhusa ya kuchagua mu liste, anapaswa kuteua wote. Hakufanya. Mwezi wa sita 2020 Maraga alitoka mbele ya waandishi wa habari na kusema Rais anakosea tribinali heshima. Jaji Mkuu mwenyewe! Bila faida. Mmoja wa wale 41 alikufa akingali anangojea. Wakabaki 40.

Na wakati Rais anakaa juu ya ile barua, kesi zilikuwa zinalala. Hii watu wengi hawaioni. Wanafikiri ni ugomvi wa bakubwa na bakubwa. Lakini mama mwenye kesi ya shamba alikuwa anangojea juji wa udongo ambaye jina lake liko mu droo ya Rais. Mfanyakazi aliyefukuzwa alikuwa anangojea. Mfungwa aliyeandika rufaa alikuwa anangojea. Saini moja ilikosa, na mlolongo ulikuwa mrefu kweli kweli.

Kisha ikafika tarehe 13 mwezi wa tano 2021. Uhuru Kenyatta na mpinzani wake wa zamani Raila Odinga walikuwa wamepatana tangu 2018, na mu mapatano yao walitengeneza mpango mkubwa wa kubadilisha katiba, jina lake BBI. Majuji watano wa High Court waliketi juu ya ile kesi, na Odunga na Joel Ngugi walikuwa kati yao. Wote watano wakakubaliana: mpango huu hauko halali. Walisema njia ya kubadilisha katiba kwa saini za raia ni ya raia, si ya Rais kujifichia ndani. Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nao mwezi wa nane. Mwaka uliofuata, tarehe 31 mwezi wa tatu 2022, Mahakama ya Juu kabisa ilikata sehemu fulani za uamuzi wao, lakini ku ile fimbo kubwa, kwamba Rais hawezi kuanzisha mpango kama ule kwa jina la raia, ikawapa haki.

Muangalie tarehe. Uamuzi, 13 mwezi wa tano. Wiki tatu nyuma, tarehe 3 mwezi wa sita 2021, Rais anakumbuka ile barua ya miaka miwili. Anatia saini majina 34. Anaacha sita. Kati ya wale sita, wane walikuwa wa kupanda Mahakama ya Rufaa: George Odunga, Joel Ngugi, Weldon Korir na Aggrey Muchelule. Wengine wawili, Evans Makori na Judith Omange, walikuwa wa tribinali ya udongo.

Sababu? Tena ile ile: mambo ya usafi wa tabia. Tena bila kuonyesha kitu.

Sisi hapa tunataka kusimama kidogo, ju hapa kuko jambo linalochekesha na kuumiza pamoja. Kama Odunga hakuwa msafi vya kutosha kwa Mahakama ya Rufaa, mbona aliendelea kuketi mu High Court kila asubuhi, anahukumu watu, anaamua mali na uhuru wao? Joel Ngugi vile vile. Mtu mwenye kosa la kweli, katiba ya Kenya ina njia ya kumtoa: unaleta mashitaka, kunaundwa jopo, anajitetea. Hakuna aliyefungua njia hiyo kwa sababu ya ile barua. Kwa hiyo wale sita waliachwa katikati ya mto: hawakushitakiwa, hawakusafishwa. Wenzao walioomba nao siku moja wanaapa, wanapanda, wao wanabaki. Na kila juji kijana mu nchi anaona. Haina lazima ya kumpigia simu umtishe. Anaelewa yeye mwenyewe kwamba faili fulani zina bei.

Mwezi wa kumi 2021 majuji wengine watatu wakasema Rais awateue wale sita mu siku 14, na kama hataki, Jaji Mkuu Martha Koome awaapishe bila yeye. Ule uamuzi nao ukasimamishwa ku rufaa. Mwaka ukapita.

Tarehe 13 mwezi wa tisa 2022, William Ruto anaapa kuwa Rais. Siku ile ile anatangaza ameteua wale sita. Kesho yake wanaapa mu Ikulu ya Nairobi. Tangu mwezi wa saba 2019 mpaka pale: miaka mitatu na miezi miwili.

Watu wengi walipiga mikono siku ile, na sisi tungepiga pia. Lakini tufikiri pamoja. Ruto alikuwa mpinzani wa BBI. Ule uamuzi wa Odunga na wenzake ulimsaidia mu siasa, hata kama wao hawakutaka kumsaidia mtu. Kwa hiyo Rais mmoja aliwanyima ju ya uamuzi wao, na Rais mwingine aliwapa siku ya kwanza ya kazi yake, huku kamera zote zinaangalia. Katika mambo yote mawili, saini ilionekana kama mali ya Rais: anaipa, anainyima. Na ilikuwa iwe deni la Leta tu, kama mushahara wa mwalimu. Mwenye kudai deni haambiwi aseme aksanti.

Na mwanzo wa 2024, huyo huyo Ruto, wakati tribinali zilimzuilia kodi ya nyumba na mambo mengine, alisimama mbele ya raia akasema kuko majuji wala rushwa wenye kupinga maendeleo, na kwamba hatakubali. Alama ya vidole ni ile ile. Ndiyo sababu hatumjengei sanamu yeyote mu mazungumzo haya.

Sasa turudi kwetu, ju mulikuwa mnangojea hapo.

Katiba yetu ya 2006 haiko mbaya. Wakati mwingine iko nzuri mpaka inauma. Kifungu cha 82 kinasema Presidenti anateua majuji na maprokireri, anawatoa na kuwafukuza, kwa ordonansi, juu ya mapendekezo ya Baraza Kuu la Waamuzi, ile tunaita CSM. Kifungu cha 150 kinasema juji haondoshwi fasi yake hivi hivi: anahama kwa uteuzi mpya, ao kwa kuomba yeye mwenyewe, ao kwa mzunguko wenye sababu uliokatwa na CSM. Kumbe ni karibu sawa na Kenya: watu wa kazi wanapendekeza, Presidenti anatia saini. Lakini kuko tofauti moja kubwa. Kule maswali kwa wenye kuomba yanaulizwa mbele ya raia. Kwetu raia anapata jina wakati ordonansi imekwisha kusomwa. Utapinga nini saa ile?

Tarehe 17 mwezi wa saba 2020, ordonansi zilisomwa ku RTNC. Ndani yake, majuji wawili wa Cour constitutionnelle, Noël Kilomba na Jean Ubulu, waliteuliwa mu Cour de cassation. Mu karatasi ilionekana kama cheo. Wao wawili wakasema hapana: hatukuomba, na mandati yetu ku Cour constitutionnelle haijaisha. Katiba inapatia juji wa ile mahakama miaka tisa. Kumbe kwa wakubwa kuko namna ya kumtoa juji kwa kumpandisha! Kenya walimnyima Odunga cheo ili aumie. Kinshasa waliwapa watu cheo ili waondoke. Ni kisu kimoja, kinakata pande mbili.

Na kuko jambo lingine mu hadithi ile ambalo sisi ba Katanga tulilifuata sana. Waziri Mkuu wa wakati ule, Sylvestre Ilunga Ilunkamba, mtu aliyekuwa mkubwa wa SNCC, reli hii inayopita hapa kwetu, alikuwa Lubumbashi kwa kazi. Ordonansi zilitiwa saini ya pili na waziri wa mambo ya ndani kwa fasi yake. Aliporudi alisema hakujulishwa. Tarehe 21 mwezi wa kumi 2020, majuji watatu wapya wakaapa mu Palais du Peuple. Jeanine Mabunda wa Assemblée nationale na Alexis Thambwe Mwamba wa Sénat hawakufika. Wakati ule kila mtu aliangalia mvutano wa Tshisekedi na Kabila, nani ataanguka. Swali la wale majuji wawili lilizama chini ya kelele.

Mmoja wa wale watatu walioapa ni Dieudonné Kaluba Dibwa, avoka na profesa wa sheria. Mwezi wa ine 2021 wenzake walimchagua kuwa mkubwa wa Cour constitutionnelle, na kwa hiyo wa CSM pia. Kwa juji, juu ya pale hakuna ngazi ingine. Tarehe 15 mwezi wa kumi na moja 2021, mahakama yake ilisema haina uwezo wa kumhukumu Matata Ponyo, Waziri Mkuu wa zamani, mu kesi ya falanga za Bukanga Lonzo. Mwezi wa tano 2022 kukawa kura ya bahati, ju katiba inataka theluthi moja ya mahakama ibadilishwe kila miaka mitatu, na kura inataja nani anatoka. Jina la Kaluba likatoka. Mu mandati ya miaka tisa, alikuwa amekaa pungufu ya miwili. Mwezi wa kumi na moja mwaka ule ule, mahakama ile ile, na mkubwa mwingine, ikasema sasa ina uwezo. Tarehe 20 mwezi wa tano 2025 Matata Ponyo akahukumiwa miaka kumi ya kazi ya nguvu.

Tusikilizane vizuri. Sisi hatusemi kura ilichezewa. Hatuna kitu mkononi. Hatusemi Matata alionewa. Zile falanga zilikuwa za mashamba, na mtu wa Kaniama anayelima mahindi ana haki ya kujua zilikwenda wapi. Tena Kaluba alipoingia, watu wengi walisema ni mtu wa Presidenti, na bado mahakama yake ilikata jambo ambalo hawakulingojea. Tunasema hivi tu: fasi ambapo mandati inaweza kukatika hivyo, raia hawezi kuamini kwa moyo mweupe, hata siku ambapo juji ameamua vizuri. Mashaka yanabaki, na mashaka ni sumu.

Na kama mtu anafikiri mambo haya ni ya Kinshasa, akumbuke Lubumbashi. Mwaka 2016, tribunal de paix moja ilimhukumu Moïse Katumbi miezi 36 ya boloko, kesi ya nyumba, wakati alikuwa anataka kuwania urais. Juji mkubwa wa tribinali ile, Chantal Ramazani Wazuri, aliandika baadaye kwamba alilazimishwa. Ikabidi akimbie nchi. Mwaka 2019 Cour de cassation ilifuta ile hukumu. Juji wa tribunal de paix, ndugu zetu! Ile tribinali ya chini kabisa, ya kesi za mbuzi na kelele za jirani. Kama pale chini kiti hakina nguvu, tusishangae kule juu.

Sasa Kaniama. Mnajua wenyewe tunaelekea wapi. Tangu 2020, Leta inaleta vijana kutoka Kinshasa mpaka hapa kwetu, Kaniama-Kasese, mu kambi ya Service National. Wanaitwa kuluna. Wanalima mahindi, wanatengeneza madawati, wanajifunza kazi ya mikono. Wengine wetu tumesikia watu wa Kinshasa wakifurahi: mtaa umepoa, mapanga yamepungua. Hatuwacheki. Mtu aliyekatwa na panga ana haki ya kulala. Na kuko wanaosema kijana anayejua kupanda mahindi ni bora kuliko kijana anayeoza mu Makala. Hilo nalo lina maana.

Lakini kwa kila mmoja anayeshuka hapa, swali letu ni moja: nani alimwamua? Iko karatasi ya juji, yenye jina lake, kosa lake, na idadi ya miezi ao miaka? Kifungu cha 18 kinasema polisi hawezi kukushika mu kasho zaidi ya saa 48. Zikipita, anakuachilia ao anakupeleka mbele ya sheria. Kifungu cha 21 kinampa kila mtu haki ya kukata rufaa. Sasa mtu asiye na hukumu atakata rufaa ya nini? Huwezi kwenda cour d'appel na mkono mtupu, ukaomba wabadilishe uamuzi ambao hakuna mtu aliuandika.

Hapa njo majuji wa Nairobi na kijana wa Kinshasa wanaolala mu udongo wa Kaniama wanakutana. Siku juji atasema "mnileteeni huyu kijana na karatasi zake", atakuwa anasema na watu wenye magari, bunduki na kamera. Atakuwa anagusa mpango ambao watu wengi wanaupenda. Tutahitaji juji asiyeogopa kuhamishwa. Juji asiyengojea cheo kutoka kwa mtu anayemuamua. Na yule juji hatoki mbinguni. Anatoka mu liste fulani, inayosomwa usiku fulani.

Kuko wenye kutuambia: vijana, ninyi hamkusoma droit, hayo ni mambo ya avoka. Ku Kenya, mtu aliyeleta kesi ya kumlazimisha Rais ateue wale majuji alikuwa avoka mmoja, ndiyo. Lakini BBI ilipingwa ku tribinali pia na vijana na raia wa kawaida, na siku ya uamuzi watu waliufuata moja kwa moja mu simu zao, masaa na masaa, wakisikiliza majuji wanasoma. Watu wa soko walikuwa wanabishana juu ya vifungu vya katiba. Kama mama wa soko la Nairobi anaweza, mama wa soko la Kaniama anashindwa na nini? Lugha tu. Sheria zetu zimeandikwa mu Kifaransa cha kufunga milango. Hiyo njo sababu tunafanya mazungumzo haya mu Kiswahili.

Tumepanga mambo machache, na mutuambie kama yanafaa. Kwanza, ordonansi yoyote ya majuji ikisomwa, tutatafuta majina yanayogusa Haut-Lomami, ya parquet, ya tribinali za Kamina na za hapa, ya cour d'appel, na tutayatoa kwa Kiswahili: nani anakuja, anatoka wapi, yule aliyekuwa hapa amepelekwa wapi, amekaa muda gani. Bila matusi. Juji hatukanwi na sisi. Tukimtukana leo, kesho wakubwa watatumia sauti yetu kumfukuza. Tena, tutaenda kukaa mu audience za wazi. Sheria inaruhusu. Unaingia, unatoa kofia, unanyamaza, unaandika. Juji anayeona vijana kumi wameketi nyuma kila wiki anafanya kazi na mgongo ulionyooka kidogo.

Na juu ya Kaniama-Kasese, tunaandika barua kwa prokireri. Haina kelele. Ina maswali matatu. Wangapi kati ya wale vijana wana hukumu iliyoandikwa? Hukumu zilitoka tribinali gani? Na mwenye kutaka rufaa, akiwa hapa, mbali hivi na Kinshasa, anaipeleka wapi? Barua iko pale ku meza, mu Kiswahili na mu Kifaransa. Mwenye kutaka kuweka jina lake aisome yote kwanza. Mwenye kuogopa asiweke, hatutamuuliza kitu.

Sasa tunaachia ninyi sauti. Yule yaya kule nyuma aliinua mkono tangu mwanzo, tuanze na yeye.